Choo cha Umma katika Historia ya Haki za Watu Wenye Ulemavu

Historia ya haki za watu wenye ulemavu mara nyingi huelezwa kupitia katiba na mikataba. Katika insha hii ninaifuata kupitia choo cha umma. Mtu asiyekuwa na choo anachoweza kukitumia mjini hana budi kujinyima maji ya kunywa au kurudi nyumbani mapema. Kwake, soko, mahakama na chuo hubaki wazi kwa saa chache tu.

Nchini Uingereza, mabadiliko yanahusishwa sana na Selwyn Goldsmith, msanifu majengo aliyepata polio mwaka 1956. Mwaka 1963 alitoa kitabu kilichowapa wasanifu wenzake vipimo vya kujengea watu wenye ulemavu. Baadaye alikwenda mji wa Norwich kuwahoji watumiaji wa viti vya magurudumu wenyewe. Hapo likajitokeza jambo ambalo vipimo peke yake havikulionyesha: wengi walisaidiwa na mume au mke, na msaidizi hakuweza kuingia katika choo cha jinsia nyingine. Jibu likawa chumba kimoja kinachojitegemea, kinachotumiwa na wanawake na wanaume.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1970 ilitaka majengo ya umma yazingatie mahitaji haya, vyoo vikiwemo, lakini kwa kadiri tu inavyowezekana na inavyofaa. Kwa maoni yangu, maneno hayo yalimwachia mwenye jengo mlango wa kutokea. Mwaka 1981 ukaanza mpango wa kitaifa wa funguo: vyoo hivyo vilifungwa visiharibiwe, na watu wenye ulemavu wakapata ufunguo mmoja unaofungua vyote. Mwaka 2006 ikaanzishwa kampeni ya kudai vyoo vyenye kitanda cha kubadilishia nguo na mashine ya kumnyanyua mtu mzima. Kumbe hata choo cha viti vya magurudumu kilikuwa kimewasahau wengine.

Uganda imepita njia tofauti. Ibara ya 35 ya Katiba ya 1995 inatambua haki ya watu wenye ulemavu kuheshimiwa utu wao. Ikafuata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2006, kisha Uganda ikaridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2008, na baadaye ikaja sheria mpya ya 2020. Kwa hiyo kwetu maandishi hayakukosekana.

Hata hivyo, ninaona hatari ya kunakili vipimo vya Norwich bila kuwahoji watu wetu, jambo ambalo Goldsmith mwenyewe hakulifanya kwa watu wake. Kiti cha magurudumu huhitaji nafasi ya takriban sentimita 150 ili kigeuke. Kipimo hicho ni sahihi popote. Lakini vyoo vyetu vingi ni vya shimo, vya kuchuchumaa. Anayetambaa huingia kwa viganja vyake juu ya sakafu yenye maji machafu, na asiyeona hulitafuta tundu kwa mguu. Kwao, sakafu kavu, kikalio imara na chuma cha kushikilia ukutani hutangulia upana wa mlango.

Kwa hiyo, funzo la historia hii ni utaratibu: kuuliza kwanza, kupima baadaye, kisha kuandika sheria isiyomwachia mjenzi kisingizio.