Filbert Bayi: Kutoka Christchurch Hadi Kibaha

Nimekulia Kisarawe. UMITASHUMTA ikikaribia, mwalimu wetu wa michezo alitukimbiza peku vilimani, na kila tulipolegea alitaja jina moja: Bayi. Mimi nilidhani ni mtu wa kwenye hadithi. Kumbe yupo kweli, na shule yake iko Mkuza, Kibaha, ndani ya mkoa wetu huu huu wa Pwani!

Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953, akaja kuwa mwanajeshi. Enzi zake, wakimbiaji wa mita 1,500 walikuwa wakiviziana, wakitunza nguvu za mzunguko wa mwisho. Bayi hakuwa na habari hizo. Bunduki ikilia, anaondoka. Tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, aliongoza tangu mwanzo hadi utepe. Muda wake, dakika 3 na sekunde 32.16, ukawa rekodi ya dunia. John Walker, mwenyeji, alimkimbiza hadi akavunja rekodi ya zamani yeye pia, lakini akawa wa pili. Rekodi hiyo ya Bayi ilidumu kwenye Michezo ya Madola hadi 2022. Miaka 48, jamani.

Mwaka 1976 dunia ilingoja marudiano Montreal. Hayakuwepo. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu, na nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zikasusia Olimpiki. Walker akachukua dhahabu. Bayi alingoja hadi Moscow 1980, akapata fedha kwenye mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Suleiman Nyambui naye akapata fedha ya mita 5,000. Tangu hapo Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki.

Hapa ndipo wengi wetu hufunga hadithi. Mimi naona sehemu kubwa inaanzia hapa. Bayi alikuwa katibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi, na pamoja na mkewe Anna akaanzisha shule ambapo mtoto anasoma na kukimbia pia. Mtu asiyejua kusubiri uwanjani alichagua kazi ambayo yote ni kusubiri: mtoto akue, miguu ikomae, apatikane wa kumpeleka mashindanoni.

Vijiweni utasikia, "Sasa mbona medali haziji?" Swali si baya, ila tunamuuliza mtu mmoja deni la nchi nzima. Viwanja vingapi vya shule vimemegwa vikawa fremu za maduka? Walimu wa michezo wamebaki wangapi?

Kule Christchurch, Bayi kuwa mbele peke yake ulikuwa ushujaa. Kwenye kulea vipaji, mtu akiwa mbele peke yake maana yake wengine tumekaa.