Kabla ya Kutimiza Miaka Sitini

Nikiwa Ilagala, karibu na pale Mto Malagarasi unapomwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, mvuvi mmoja wa dagaa mwenye umri wa miaka 57 aliniuliza: "Mwalimu, nimebakiza miaka mitatu tu. Nikitimiza sitini nitatibiwa bure. Kadi ya bima ninunue ya nini sasa?"

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu swali lile lina historia ndefu.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilibeba dhamana ya kuwatibu wananchi bila malipo. Msukosuko wa uchumi wa miaka ya 1980 uliidhoofisha dhamana hiyo, na mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaanza katika hospitali za umma. Ili wakulima na wavuvi wasiachwe nje, Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996, kisha ukapewa sheria yake mwaka 2001. Ruzuku yake iliitwa "tele kwa tele": kila shilingi waliyochanga wananchi, serikali iliongeza nyingine.

Utaratibu huo ulivutia, lakini ulikuwa na kasoro ya msingi. Ruzuku ilifuata fedha, haikufuata uhitaji. Palipochangwa kidogo kwa sababu ya ufukara, serikali nayo iliongeza kidogo.

Wengi wenu mnaonisoma ni watumishi wa umma. Mfuko wetu wa Taifa wa Bima ya Afya, uliotungiwa sheria mwaka 1999, ulipangwa kwa namna nyingine kabisa: mchango hukatwa katika mshahara, nusu yake hulipwa na mwajiri, na anayestaafu akiwa mwanachama huendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake. Sisi hatukuachiwa kuchagua, na kwa kutochagua tukalindwa. Mvuvi aliachiwa uhuru wa kuchagua, lakini hakupewa mshahara wa kukatwa.

Mwaka 2018 mfuko wa jamii uliboreshwa. Kwa shilingi 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu sita ingetibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa. Ukigawanya, ni shilingi 5,000 kwa kila mtu. Hata hivyo, kipato cha ziwani hakina tarehe ya mwisho wa mwezi. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi ya dagaa hupumzika. Na mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Kadi inayokwisha muda wake mwezi Juni humkuta mwenyewe mikono mitupu, ilhali mwezi mwingine angeilipa bila taabu.

Na ile ahadi ya miaka sitini? Msamaha wa matibabu umewekwa kwa ajili ya wazee wasio na uwezo. Yaani mzee hana budi kutambuliwa kwanza. Tena ni msamaha wake mwenyewe. Mke mwenye miaka hamsini na wajukuu wanaolelewa nyumbani hawaingii humo kwa sababu tu babu ametimiza sitini.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekusudia kuwalipia wasio na uwezo kwa fedha za umma. Hiyo ni hatua kubwa, kwani hatimaye ruzuku inaanza kumfuata mhitaji. Lakini mvuvi wangu si fukara wa kuorodheshwa, wala si mwajiriwa wa kukatwa mshahara. Yuko katikati, mahali walipo Watanzania wengi. Halmashauri zinazopakana na ziwa zingeweza kuanza kwa mambo mawili: kukusanya michango wakati dagaa wanapatikana, na kuwatambua wazee kabla hawajaugua.

Nilimjibu hivi: "Mzee wangu, ukiweza, lipa msimu huu, kwa ajili ya mama na wajukuu." Alitikisa kichwa, akaniuliza kama zahanati itakuwa na dawa. Swali hilo silo langu kulijibu. Ni la wenye mamlaka.