Kuchemsha hakutoshi: safari ya kusafisha maji kutoka Ngurdoto hadi Butimba

Hapa Nyamagana tumelelewa na somo moja: chemsha maji, chuja, kunywa. Somo ni zuri, maana vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo hufa kwa moto. Shida ni kwamba kuna sumu zisizo na uhai, na hizo moto hauziui.

Chukua floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mwaka 1974 Tanzania iliruhusu hadi miligramu 8, kwa sababu vijiji vingi vya Arusha, Singida na Shinyanga havikuwa na maji mengine. Ikizidi, meno yanapata madoa ya kahawia na mifupa inapinda. Na ukichemsha, maji yanapungua huku floraidi ikibaki palepale.

Watafiti wa kituo cha Ngurdoto, Arusha, walijaribu njia ya Nalgonda kutoka India, inayotumia shabu na chokaa. Inafanya kazi, ila dozi lazima ipimwe kila mara, na tope linabaki la kutupwa. Wakaendeleza pia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Madini ya mfupa huikamata floraidi, kama yanavyoikamata ndani ya mwili wa mtoto. Ila mkaa nao hujaa, na usipobadilishwa chujio linabaki pambo tu.

Mwaka 2015, Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Chujio lake linaunganisha mchanga na nanomateria, na linarekebishwa kulingana na sumu ya eneo husika. Hapo ndipo penye hoja: hakuna chujio moja la sumu zote.

Shinyanga ilipata jibu tofauti, yaani bomba. Mradi uliozinduliwa 2009 huvuta maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, Misungwi, hadi Kahama na Shinyanga. Ziwa lina floraidi kidogo.

Lakini ziwa nalo lina yake. Mbolea, majitaka na udongo vinalisha mwani, na utafiti uliochapishwa 2005 ulionyesha kuwa baadhi ya mwani wa Ghuba ya Mwanza hutengeneza sumu ya mikrosistini, inayoshambulia ini. Kuchemsha hupasua seli zake na kumwaga sumu majini, wala hakuiharibu. Kinachosaidia ni kuondoa seli zikiwa nzima, kisha kunasa sumu iliyobaki kwa mkaa maalumu au kuivunja kwa ozoni.

Sasa tuna mtambo wa Butimba wa lita milioni 48 kwa siku. Swali la kuuliza, zaidi ya lita, ni hili: mikrosistini inapimwa mara ngapi? Na wewe unayechota ufukweni, ukiona maji yana utando wa kijani, usichote hapo. Sufuria haitakuokoa.