Kalinzi na bwasa: udongo wa Bushi na maisha ya mukulima

Katika kitabu kidogo kama hiki watu wanangojea kusoma habari za ndoa, za mazishi na za ngoma za zamani. Sisi tumechagua jambo lisilochezwa wala kuimbwa: namna muzee wa Bushi alivyopata shamba, na namna alivyolishika mpaka kumuachia mutoto wake. Kila mwaka tunasikia wageni, na hata ndugu zetu wenye masomo, wakiuliza juu ya nini mukulima wa Kabare na wa Walungu anabaki masikini wakati mvua inanyesha na udongo unazaa. Wanajijibu wenyewe: mbegu ni mubaya, ao watu hawajafundishwa. Sisi tunaona jibu linalala ndani ya maneno mawili ya mashi, kalinzi na bwasa.

Kalinzi ilikuwa mapatano. Mutu aliyetaka shamba alienda kwa mwami, ao kwa mukubwa aliyewekwa na mwami pale kilimani, akatoa ngombe moja ao zaidi. Ile ngombe haikuwa bei. Bei inamaliza maneno: unalipa, unaenda, hamujuani tena. Kalinzi njo ilianzisha maneno. Kuanzia siku ile mupokeaji alikuwa mutu wa yule mukubwa, alimupelekea pombe, alimusaidia kwa kazi, na mukubwa naye alimulinda mbele ya wengine. Muzee akikufa, mutoto wake alikuja kujionyesha na kufanya upya ule urafiki, na shamba lilibaki ndani ya jamaa. Karatasi hazikuwako, watu wa kilima walikuwa mashahidi.

Bwasa ni jambo lingine kabisa. Ni kukopeshwa shamba kwa musimu moja ao mbili. Unatoa mbuzi, pombe, ao siku za kazi kwa mwenye shamba, unapanda maharagi ao mutama, unavuna, unarudisha. Lakini kuko katazo moja ambalo kila mutoto wa kwetu analijua: mwenye bwasa hapandi mugomba, hapandi muti. Kwa sababu mutu anayepanda mugomba anatangaza kwamba amefika kukaa.

Tusidanganyane, kalinzi haikuwa paradizo. Asiyekuwa na ngombe hakuipata. Mukubwa aliyekasirika aliweza kumunyanganya mutu shamba lake. Mwanamuke alilima shamba la bwana yake, na akifiwa alitegemea roho nzuri ya watoto wake wanaume ao ya shemeji. Na Batwa, watu wa musitu, hawakuwa na nafasi ndani ya mapatano hayo. Wanaoandika leo kwamba zamani wote walikuwa sawa, hawakuuliza wazee vizuri.

Hata hivi, mutu wa kalinzi alijua kesho yake. Njo maana alizunguusha nyumba yake na migomba. Ngombe zilikula majani malishoni, usiku zililala karibu na nyumba, na asubuhi mama na watoto walibeba mboleo kupeleka migombani. Migomba ilitoa ndizi za kula na za kasiksi. Majani yake yalifunika udongo usichukuliwe na mvua. Shina lililokatwa lilirudi kuwa chakula cha ngombe. Chini ya migomba, penye kivuli si kikali, mama alipanda maharagi na maboga. Kasiksi yenyewe ilileta wasaidizi siku ya kulima, na pia ilifungua mulango kwa mukubwa. Kila kitu kilishika kingine. Wataalamu wa leo wanafundisha mambo haya kwa mabango makubwa, kama vile wameyagundua jana. Lakini mulolongo huu wote ulisimama juu ya musingi moja: hakuna mutu anayebeba mboleo miaka kumi kwa shamba ambalo litachukuliwa kisha mavuno.

Wakati wa Wabelgiji, musingi ulianza kuvunjika. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, ambayo ilipewa uwezo wa kugawia wakoloni udongo. Serikali ilisema udongo usio na mutu ni wa serikali. Basi malisho ya ngombe na mashamba yaliyopumzishwa yalihesabiwa kuwa ya bure, wakati kwetu shamba linalopumzika lina mwenyewe sawa vile mutu anayelala ana jina. Kahawa, majani ya chai na kenkina vilishika vilima vizuri. Mwaka 1937 musitu wa Kahuzi ulifanywa hifadhi. Mwaka 1970 ukawa parke ya taifa, na Batwa waliokaa humo wakafukuzwa. Ngombe zilibanwa, na mboleo ikapunguka.

Njo wakati huo jina la bwaki lilianza kujulikana mbali. Bwaki ni ule ugonjwa wa mutoto anayevimba miguu, nywele zinageuka nyekundu, kwa kukosa chakula chenye kujenga mwili. Waganga waliutafuta sana kule Lwiro, na miaka ya 1960 kulizaliwa Bukavu Comité Anti-Bwaki. Walipima watoto, na walifanya vizuri. Lakini kipimo cha mutoto kilionyesha pia kipimo cha shamba.

Kisha uhuru wengi walitumaini kwamba udongo utarudi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni wa Leta. Juu ya mashamba yaliyokaliwa kwa desturi, ilisema amri ya Rais itakuja kuyapanga. Miaka makumi ikapita bila amri hiyo kutoka. Katikati ya sheria ambayo haikumalizwa na kalinzi ambayo ilikuwa imedhoofika, waliopata faida ni wale waliojua njia ya ofisi. Mutu wa Bukavu aliweza kununua kilima, akapata sertifika, na familia tano zenye kalinzi ya babu zikajikuta ni wageni. Mwisho wa mwaka ule ule, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza kwamba mashamba makubwa ya wageni yatapewa Wazaire. Wenyewe wapya walitoka kati ya wakubwa, si kati ya wale waliochuma kahawa. Na wakubwa wa desturi pia wana sehemu yao: wengine waliuza kwa pesa kile ambacho zamani kilitolewa kwa ngombe na kwa neno.

Kisha mapigo yalifuatana. Mwaka 1989 mapatano ya dunia juu ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka. Kuanzia 1996 vita ilikula ngombe. Vijana wengi waliingia mashimo ya zahabu na koltani, wakaacha jembe kwa mama zao.

Hapa tuzungumuzie kidogo dende, ambaye wengine wanamuita kobayi, kwa kuwa wasomi wanamucheka bure. Anakula majani na maganda ya jikoni, anazaa kisha miezi miwili hivi, anakaa ndani ya nyumba ambamo mwizi hamuoni upesi, na siku ya kukimbia anabebwa ndani ya kitunga. Na hahitaji malisho. Sisi walimu tunajua wanafunzi walionunua makaye kwa dende. Mboleo yake ni kidogo, lakini ni mboleo.

Turudi kwenye maproje. Kunakuja mbegu bora ya muhogo, miche ya kahawa, mafundisho ya kuchimba mifereji kilimani. Mama anasikiliza vizuri, kisha anarudi kwenye shamba la bwasa na hafanyi. Watu wa proje wanaandika kwamba ni mugumu kubadilika. Lakini yeye amepiga hesabu: akichimba mifereji na kuweka mboleo, shamba litakuwa nzuri, na likiwa nzuri mwenyewe atalirudisha kwake, ao atapandisha bei ya bwasa. Kazi yake itakuwa imemufukuza yeye mwenyewe. Tunaona kwamba hesabu yake ni sahihi kuliko ya proje. Likelemba na muso zinamusaidia kupata pesa ya mbegu na ya dawa, lakini hazimupe miaka.

Kwa maoni yetu, kinachofaa kuombwa kwanza ni bwasa ndefu, ya miaka mitano ao saba, yenye kuandikwa mbele ya mashahidi, na jina la mama liwe ndani, si la bwana yake peke. Kuko mahali ambapo mapatano kama haya yanaandikwa tayari, mara ingine kwenye kaye ya shule tu, wakati wa kiangazi mbele ya kulima kwa Septemba. Yanasema ni mbuzi ngapi, ni siku ngapi za kazi, na nani atavuna miti. Mengi hayasemi bado itakuwa namna gani kama mwenye shamba anakufa, ao anauza kwa mutu mwenye sertifika.