Mgeni Iringa: kutoka Mbalizi mpaka Mkwawa

Samahanini sana kwa kimya cha wiki tatu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimefungasha begi. Siyo kufungasha kwa ajili ya likizo, hapana, nilikuwa narudi nyumbani moja kwa moja.

Mimi ni mtoto wa Mbalizi, Mbeya. Niko mwaka wa kwanza hapa Mkwawa, Iringa, nasomea ualimu, Historia na Kiswahili. Najua kuna watakaocheka. Kutoka Mbeya mpaka huku ni kama kilometa 330, unapanda basi asubuhi, mchana umefika. Wenzetu wanakwenda kusoma China, India, hata Hispania ambako hata salamu inabidi uanze kujifunza, na hawalii. Wewe Iringa tu unalia?

Ndiyo, nimelia. Boom lilichelewa, hosteli zilijaa, nikapata gheto mtaani. Nikawa nakula mara moja kwa siku. Darasani sikumjua mtu, nikajibanza na vijana wanne wa kutoka Mbeya. Tulikaa pamoja, tukapika pamoja, na tuliisema Iringa vibaya kwa pamoja. Nikampigia simu babu kumwambia narudi.

Babu yangu ni mmoja wa vijana waliojenga reli ya TAZARA, kazi iliyoanza 1970 na reli kukamilika 1975. Kilometa 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia. Yeye alikuwa upande wa Mlimba kwenda Makambako, kule kwenye milima na mahandaki, sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote. Kambini walikuwa wametoka kila kona ya nchi, pamoja na Wachina. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza: "Mjukuu wangu, watu wa huko wanasalimianaje?" Nikanyamaza. Mwezi mzima nilikuwa sijui. Akasema, "Basi wewe hujafika huko bado. Fika kwanza, ndipo urudi." Akakata simu.

Nilikasirika jamani. Ila kwa kuwa nauli yenyewe sikuwa nayo, nikaenda maktaba nikaanza kusoma habari za mji huu. Nilitaka kujua wenyewe wa hapa ni kina nani, mimi ninayejiona mgeni peke yangu.

Cha kwanza nilichokikuta ni kwamba hata jina la mji lenyewe ni mhamiaji. Iringa limetokana na neno la Kihehe lilinga, maana yake ngome. Na ngome yenyewe haikuwa hapa mjini, ilikuwa Kalenga, makao ya Mtwa Mkwawa. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliliteketeza jeshi la Wajerumani pale Lugalo, na kamanda wao Emil von Zelewski akauawa. Wajerumani wakajipanga upya, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaivunja ngome ya Kalenga kwa mizinga. Miaka miwili baadaye Tom von Prince akajenga kituo kipya huku juu mlimani, na jina la ngome iliyovunjwa wakalihamishia huku. Kwa hiyo mji huu ninaouogopa ulianzishwa na watu waliotoka mbali zaidi kuliko mimi, nao waliingia kwa bunduki.

Cha pili kilinigusa kwa sababu ni cha kwetu. Kabla ya Wajerumani, Wahehe walipigana sana na Wasangu. Mtwa Merere wa Usangu alizidiwa, akahama na watu wake, akaja kujenga ngome Utengule, Usafwani. Utengule hiyo, ndugu msomaji, ni jirani na Mbalizi yetu! Nimepita pale tangu nikiwa mtoto bila kujua kwamba palikuwa kimbilio la watu waliofukuzwa na hawa hawa wenyeji wangu wa sasa. Zamani zile mtu akitajiwa njia ya Usafwani na Uhehe aliwaza vita, mimi nimeipita nimekaa dirishani nakula mahindi ya kuchoma. Nilipomsimulia mwenzangu mmoja Mhehe, alicheka akasema: "Kumbe ndiyo maana unataka kukimbia, umeshazoea." Huo ulikuwa utani wa kwanza mtu wa huku kunitania. Sikukasirika, nilifurahi.

Cha tatu kipo njiani. Ukitoka Makambako ukapita Mafinga na ile misitu ya misindano, kabla hujafika Iringa unapita Ifunda. Mwaka 1942 na kuendelea palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto. Walitolewa makwao na Wasovieti mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa Siberia na kwingineko. Walipoachiwa wakapitia Irani, ndipo wakaletwa Afrika Mashariki. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru kule Arusha, lakini huku kwetu zilikuwepo Ifunda na Kidugala. Hebu fikiria mtoto aliyetoka kwenye theluji anafundishwa kusoma Ifunda! Vita ilipokwisha wengi hawakuweza kurudi kwao, wakaishia Uingereza, Kanada, Australia. Wengine wamezikwa huku, na makaburi yao yapo mpaka leo. Nilipita pale siku ya kuja na hata kichwa sikugeuza.

Sasa cha nne ndicho kilichonimaliza kabisa, nacho ni chuo chetu chenyewe. Haya majengo ya Mkwawa hayakujengwa kwa ajili yetu. Ilikuwa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, iliitwa St. Michael's and St. George's, ikafunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Mtoto mweusi hakuwa na dawati humo. Uhuru ukaja 1961, haikupita miaka mingi shule ile ikafungwa, majengo yakawa sekondari ya Mkwawa. Mwaka 2005 ikawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Nikakaa nikawaza. Shule ile ilikuwa ndani ya Iringa, lakini Iringa haikuwa ndani ya shule. Waliwekewa mpaka, na Uhuru ulipokuja ilifungwa. Mimi sikuwekewa mpaka na mtu yeyote. Nimejiwekea mwenyewe, na vijana wanne wa Mbeya pamoja na sufuria moja.

Jumamosi iliyofuata nikaomba nauli, nikaenda Kalenga. Kwenye makumbusho kuna fuvu la Mkwawa. Mwenyewe alijipiga risasi Julai 1898 asikamatwe, na kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaagiza Wajerumani walirudishe fuvu lake, lakini ni mpaka 1954 Gavana Twining alipolileta kutoka Bremen na kumkabidhi mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, huyo aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Zaidi ya miaka hamsini ugenini. Na mimi wiki nne tu nimeshafungasha begi. Niliona aibu, sitaficha.

Nimerudi jioni, nimemkuta mama mwenye nyumba anachambua mboga kibarazani. Nikamwambia, "Kamwene." Akainua uso, akanitazama kama ananiona siku ya kwanza. "Kamwene, baba!" Halafu akaniuliza jina, jambo ambalo mwezi mzima hakuwa ameniuliza, na mimi sikuwa nimemuuliza lake. Usiku ule alinitumia ugali na mboga kwa mtoto wake.

Wiki iliyopita nyumba ya pili ikapata msiba. Nikaenda kubeba maji na mabenchi pamoja na vijana wa mtaa. Sikuwa namjua marehemu. Pale uani nikamsikia bibi mmoja akiuliza huyu kijana ni wa nani, na mama mwenye nyumba akajibu: "Huyu wa kwangu, katokea Mbeya." Nikazidi kubeba ndoo, maana machozi yalikuwa karibu.

Sisemi kwamba yameisha. Boom limetoka, limeshaanza kukata. Mchele wa Kyela naukumbuka kila siku, na Kihehe changu bado ni cha salamu tu. Lakini begi nimelifungua. Sasa hivi liko chini ya kitanda, naweka vitunguu.

Babu nimempigia juzi. Nilipopokelewa tu nikasema "Kamwene." Akacheka sana, akasema, "Haya, sasa umefika. Bado unataka kurudi?"

Nikamwambia nitarudi Desemba, kusalimia. Jumatatu nina test, naomba dua zenu. Tupo pamoja.