Otomatiki ya Hilux yako ya kitambo imekufa? Hivi ndivyo unaweka manyuali bila kupigwa

Sema umenunua Hilux ya zamani yenye injini ya 22R kwa bei ya kutupa. Bodi iko fiti, injini inaitika, lakini giaboksi ya otomatiki inateleza. Unakanyaga mafuta, injini inalia, ndai inajikokota. Makanika anakwambia, "Toa hii takataka, tuweke manyuali, buda."

Inawezekana, na wasee wengi wamefanya. Lakini usikimbilie Grogan na doh mkononi kabla ya kusoma hii. Kitu chenye huua projekti kama hii siyo giaboksi. Ni vile vitu vidogo vyenye hakuna mtu alikutajia, halafu pikapu inalala gereji miezi na mizigo ya wateja inabebwa na mwingine.

Jua unabadilisha nini

22R ni petroli ya silinda 4, cc 2,366. Otomatiki yake inashikana na injini kupitia torki konvata iliyojaa oili. Manyuali inatumia klachi. Kwa hivyo haubadilishi sanduku moja, unabadilisha mfumo mzima: kutoka nyuma ya injini, hadi mguu wako wa kushoto, hadi propela shafti.

Giaboksi za gia 5 zenye Toyota yenyewe iliweka nyuma ya hii injini ni kama W55 na W56. Hapo kuwa rada na mambo mawili:

- Belhauzi ya Hilux ya dizeli haishikani na 22R. Mashimo ya bolti hayalingani, hata kama muuzaji ameapa kwa jina la nyanyake.
- Giaboksi ya 4x4 inaishia kwa transfa kesi, ya tu-wili ina mkia wake mrefu. Nunua yenye inafanana na pikapu yako.

Orodha ya kubeba mfukoni

- Giaboksi na belhauzi yake
- Flaiwili na bolti zake. Usirudishe za otomatiki kabla ya kupima urefu.
- Klachi pleti, presha pleti na rilisi beringi, zote mpya
- Pailoti beringi ya nyuma ya krenki. Injini iliyotoka na otomatiki inaweza kuwa haina.
- Pedali ya klachi na ile ndogo ya breki
- Masta silinda, silinda ya chini na paipu ya klachi
- Propela shafti, maunti ya giaboksi na chuma chenye inaikalia
- Gia leva, buti yake na swichi ya taa za rivasi

Ukihesabu hizi moja moja utaona kwa nini giaboksi ya bei poa inaweza kukumaliza. Dili safi ni kupata gari moja la manyuali linalovunjwa, utoe kila kitu kwake. Hata bolti.

Kabla ulipe

Zungusha shafti ya mbele na mkono huku ukiingiza kila gia. Ikikwama au ikisaga, achana nayo. Fungua oili: unga laini wa chuma ni kawaida, vipande vya meno ni ngori. Hesabu meno ya shafti na ulinganishe na ya klachi pleti yenye unanunua. Halafu itisha risiti yenye jina la duka. Spea ya wizi ikipatikana kwako, maswali yatakuangukia wewe.

Kazi yenyewe

1. Toa nyaya za betri. Simamisha pikapu kwa stendi imara. Msee halali chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.
2. Mwaga oili ya otomatiki, kisha fungua zile paipu mbili zinazoenda kwa rejeta na uzibe. Toa pia kebo inayotoka kwa kabureta.
3. Shikilia injini kwa jeki na ubao kabla ya kutoa giaboksi, la sivyo inainama nyuma.
4. Weka pailoti beringi, kisha flaiwili iliyosawazishwa kwa mashine. Kaza bolti kwa mpangilio wa msalaba, na spana ya kipimo.
5. Weka klachi pleti katikati kabisa. Ukiipata vibaya, giaboksi haitaingia.
6. Sukuma giaboksi hadi ikae yenyewe. Usiivute kwa bolti, na usiiache ining'inie kwa shafti. Hapo ndipo klachi mpya hupinda.
7. Pima propela shafti. Urefu ukikataa, peleka ikatwe na kubalansiwa, ama pikapu itatetemeka kama mathree ya mwisho usiku.
8. Jaza oili ya gia ya 75W-90 hadi ifike mdomo wa tundu la kujazia, kisha toa hewa kwa mfumo wa klachi.

Waya: hapa ndipo watu huumia

Otomatiki hukataa kuwaka ikiwa haiko kwa P au N. Ukiitoa, waya wa stata unakatika na gari haliwaki. Fundi wa haraka ataunga hizo waya mbili na kukwambia kazi imeisha. Manze, kataa. Kuanzia siku hiyo pikapu itawaka hata ikiwa kwa gia. Mtoto akizungusha ufunguo, inaruka mbele, na kama kuna mtu amesimama hapo, imemfikia. Weka swichi kwa pedali ya klachi, ndio ikatae kuwaka mpaka uikanyage.

Kingine: manyuali haina P. Watu wa otomatiki huacha hendibreki ife kwa sababu hawaitumii. Itengeneze kabla ya kuegesha kwa mlima wowote.

Ukimaliza

Kama leseni yako ni ya otomatiki peke yake, ishughulikie kwanza. Ambia pia kampuni ya bima umebadilisha nini, kwa maandishi. Kilomita kama 500 za kwanza, endesha polepole bila mzigo mzito ndio klachi ikae. Kisha rudi chini ukague bolti zote na uangalie kama oili inavuja.

Fundi akikupea bei, mpe hiyo orodha ya juu na umwulize kila kitu kitatoka wapi. Akijibu vyote, mko sawa. Akisema "hizo ndogo ndogo tutaona mbele," shika doh yako na utafute mwingine.