Walter Langley, Mchoraji wa Waliobaki Pwani

Mji wa Birmingham, tunamoishi baadhi yetu tuliotoka pwani ya Afrika Mashariki, hauna bahari. Ni mji wa viwanda, mifereji na reli, ulio katikati ya nchi. Hata hivyo ndimo alimozaliwa, tarehe 8 Juni 1852, Walter Langley, mchoraji aliyewafahamu watu wa pwani kuliko wengi waliozaliwa ufuoni. Nawaletea khabari zake, ndugu wasomaji, kwa kuwa kazi aliyoifanya kwa watu wasio wake ndiyo ambayo sisi hatujaifanya kwa watu wetu.

Hakutoka katika nyumba ya mali. Baba yake alikuwa mshoni wa nguo, naye mwenyewe alipotimia miaka 15 alitiwa kazini kujifunza uchapaji wa picha kwa mawe. Kazi hiyo yataka mkono mtulivu na jicho lisilopuuza kitu, nayo ilimfaa maisha yake yote. Baadaye alipata ufadhili wa kusoma usanifu South Kensington, London, kisha akarejea Birmingham akiwa na azma ya kuwa mchoraji. Mwaka 1881 mpigapicha mmoja wa mji huu alimwahidi pauni 500 kwa kazi ya mwaka mzima. Kwa fedha hizo Langley aliihamisha familia yake mwaka 1882 hadi Newlyn, kijiji cha wavuvi huko Cornwall, ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza. Alikuwa miongoni mwa wachoraji wa mwanzo kufanya maskani huko, na wengine waliomfuata ndio waliokuja kuitwa kundi la Newlyn.

Wachoraji wengi wa zama zile, wakichora bahari, walichora merikebu, dhoruba na ushujaa wa mabaharia. Langley aligeuza uso akatazama nchi kavu. Aliwachora mabibi wazee wenye mikono iliyokakamaa kwa kazi, wake wanaosubiri mashua, na watoto wasiojua bado kwamba wamekuwa mayatima. Katika picha yake ya mwaka 1884 iitwayo "Among the Missing", wanawake wa kijiji wamepata khabari ya mashua isiyorudi. Chombo hakionekani, wala maiti haionekani. Zinaonekana nyuso tu, na kwa nyuso hizo mtazamaji anaelewa yote.

Jumba la Makumbusho na Sanaa la Birmingham linahifadhi picha yake kubwa ya mwaka 1894, ya rangi za mafuta, aliyoipa jina kutoka katika utenzi wa Tennyson. Ni jioni, na bahari imetulia kana kwamba haijamdhuru mtu. Binti mmoja ameketi akilia, na ajuza yu kando yake akimliwaza. Sikuona katika picha ile huruma ya tajiri kwa maskini. Langley alikulia katika ufukara, na kwa siasa zake alikuwa upande wa wafanyakazi. Aliwachora kama mtu anavyowachora jamaa zake, pasina kuwapamba wala kuwadhili.

Heshima zilimfikia. Tolstoy, mwandishi mashuhuri wa Kirusi, aliisifu katika kitabu chake juu ya maana ya sanaa picha ya Langley ya mtoto mwombaji aliyekaribishwa nyumbani na mwanamke mwenye huruma. Mwaka 1895 jumba la Uffizi la Florence, Italia, lilimwomba picha ya uso wake mwenyewe, iwekwe pamoja na za wachoraji wakubwa wa dunia. Alifariki mwaka 1922 huko Penzance, jirani na wavuvi wake.

Sasa tujitazame sisi. Wazee wetu walisafiri kwa pepo mbili: kaskazi ikiwaleta kutoka Arabuni, kusi ikiwarejesha. Katika historia hiyo uso mmoja umehifadhiwa vizuri, nao ni wa Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Sayyid Said aliyefika New York kwa merikebu Sultana tarehe 30 Aprili 1840. Mchoraji Edward Mooney alimchora huko akiwa na kilemba chake. Picha ile ni fakhari yetu. Lakini mabaharia waliomfikisha hawakuchorwa hivyo, na waliowangoja nyumbani hakuna aliyewauliza hata majina.

Bibi yangu mzaa baba aliachwa Unguja na watoto watatu. Mumewe aliondoka na kusi kwenda Maskati, na hakurudi. Misimu ilipita, vyombo vikaja na kuondoka, naye akawalea wanawe kwa kushona kofia. Katika shajara ya nasaba yetu, iliyoandikwa kwa Kiarabu kwa khati nzuri kabisa, babu ana mstari mzima: jina, baba, babu, kabila na mji. Bibi ana neno moja tu, *zawjatuhu*, yaani mkewe. Nimekuwa karani miaka mingi, na najua kwamba asiyeandikwa daftarini, baada ya vizazi viwili huhesabiwa kuwa hakuwapo.

Nasi hatuna Langley wa kutuchorea Mkunazini, Lamu au Sur ya wakati ule. Tuna kalamu, na tuna wazee wachache ambao bado wanakumbuka. Basi kila mwenye khabari za mama au bibi aliyebaki nyuma wakati wanaume walipotweka matanga, na aniletee jina lake kamili, mtaa aliokaa, na kazi aliyoifanya kuwalisha watoto. Nitayaandika katika shajara, kila mmoja na mstari wake.